Mormor, farbror, feðgin: jinsi lugha za Skandinavia zinavyopanga ukoo

Ukitaka kumuelewa Mswidi anapoongelea ukoo wake, weka Kiingereza pembeni kwanza. Najua wengi wetu tunajifunza hizi lugha kupitia Kiingereza, app zenyewe zinafundisha kwa Kiingereza, alafu mtu anafika kwenye neno morbror anaambiwa maana yake anko, mbele kidogo anakutana na farbror anaambiwa hiyo nayo ni anko, anabaki anajiuliza kwanini hawa watu wana maneno mawili ya mtu mmoja. Kumbe sio mtu mmoja. Morbror ni mjomba. Farbror ni baba mdogo au baba mkubwa. Mtoto wa Kiswahili hata shule hajaanza anajua hao ni watu wawili tofauti kabisa, na kila mmoja ana nafasi yake nyumbani. Kwa hiyo sisi tunaingia kwenye hili somo tukiwa mbele, tatizo ni kwamba hakuna anayetuambia.

Lugha ninazoongelea ni tano: Kiswidi, Kidenmaki, Kinorwei, Kiaisilandi na Kifaroe cha vile visiwa vya Faroe. Zote zimetoka kwa mama mmoja, Kinorse cha kale, lugha waliyoongea Waviking. Kiswidi, Kidenmaki na Kinorwei bado wanaelewana kwa kiasi kikubwa, Kiaisilandi chenyewe kimebaki karibu sana na kile cha kale mpaka leo. Kifini na Kisami ziko hukohuko kaskazini lakini ni ukoo mwingine wa lugha, nitafika kwao mwishoni kwasababu Wasami wana jambo ambalo msomaji wa Kiswahili lazima alione.

Kiswidi ndio rahisi kuanzia maana mfumo wake uko wazi. Una maneno sita ya msingi: far ni baba, mor ni mama, bror ni ndugu wa kiume, syster wa kike, son ni mtoto wa kiume, dotter wa kike. Ukishakuwa na hayo unayaunganisha tu, neno la kwanza ndio mwenye mali na la pili ndio mtu unayemtaja. Mormor ni mama wa mama, yani bibi mzaa mama. Farmor ni bibi mzaa baba. Morfar babu mzaa mama, farfar babu mzaa baba. Sisi pia tunaweza kusema hivyo hivyo, ila kwetu ile "mzaa mama" unaiongeza pale mtu anapouliza bibi yupi, siku nyingine zote bibi anatosha. Mswidi hana huo uhuru, neno la kila siku la kusema bibi bila kutaja upande hana, akifungua mdomo kumtaja bibi yake tayari ameshakwambia ni wa kwa baba au wa kwa mama. Wadenmaki na Wanorwei wao wamejiongezea neno la jumla, bedstefar na bedstemor kwa Kidenmaki, bestefar na bestemor kwa Kinorwei, ukilitafsiri neno kwa neno ni "baba bora" na "mama bora", na wanayatumia sambamba na yale ya pande. Aisilandi babu ni afi na bibi ni amma, Faroe ni abbi na omma, hapo upande hautajwi. Na Waswidi wa Ufini wameyafupisha yale manne mpaka yamekuwa ya mdomo wa mtoto: fammo, faffa, mommo, moffa.

Shangazi ni faster, mama mdogo au mama mkubwa ni moster. Hapa ukiangalia haraka huoni muungano wowote, lakini upo, ni fars syster na mors syster, dada wa baba na dada wa mama, watu wameyatamka kwa haraka miaka mamia mpaka yakasagika yakawa silabi mbili. Kiaisilandi bado wanatamka kitu kizima, föðursystir na móðursystir, kwa hiyo ukiweka lugha hizi mbili karibu unaona neno lilivyokuwa na lilivyokuja kuwa.

Kushuka chini wanatupita. Sisi mjukuu ni mjukuu, mpwa ni mpwa. Mswidi akitaka anakwambia sonson, dotterson, sondotter, dotterdotter, ujue mjukuu huyu ni wa kiume au wa kike na amepitia kwa mtoto gani, ingawa ana njia ya mkato pia, barnbarn, mtoto wa mtoto. Lakini vizazi vikizidi anabaki kurundika tu, barnbarnsbarn, wakati sisi tuna kitukuu, kilembwe na kilembwekeza, kila kizazi na jina lake. Ubingwa wao uko juu, kwa wazee waliotangulia. Mdenmaki baba wa babu yake ni oldefar, anayefuata juu yake ni tipoldefar, na wa juu zaidi tiptipoldefar, unaongeza tip moja kila unapopanda kizazi, hakuna mwisho.

Alafu kuna hesabu ya mabinamu, hii naipenda sana. Wanorwei wanasema tremenning, yani wa watatu, na firmenning, wa wanne. Hiyo tatu na nne ni ngazi za kupanda mpaka mnapokutana. Mimi na wewe tukishea babu tumepanda ngazi mbili kila mmoja, sisi ni mabinamu wa kawaida. Tukishea baba wa babu ni ngazi tatu, tremenning. Ukijua namba unajua mnakutana wapi. Waswidi wanayo pia, tremänning na fyrmänning, na Waaisilandi þremenningar na fjórmenningar, na wale wa Aisilandi wana database ya ukoo wa nchi nzima, Íslendingabók, iliyofunguliwa kwa wananchi mwaka 2003, watu wawili wanaweza kuingia wakaona wanakutana kwa mzee yupi.

Kwanini upande ulikuwa na uzito

Zamani kujua mtu ni wa kwa baba au wa kwa mama lilikuwa ni suala la mali na damu. Sheria za kale za Aisilandi, zinazoitwa Grágás, zina sehemu inayopanga fidia ya mtu aliyeuawa, ndugu gani analipa na ndugu gani anapokea, kuanzia wa karibu kabisa mpaka mabinamu wa mbali sana. Kwenye mpango wa namna hiyo huwezi kusema "anko" ukaeleweka.

Ila mfano unaonigusa zaidi uko Uswidi, mahali panaitwa Hillersjö, kwenye kisiwa cha Färingsö ndani ya ziwa Mälaren. Kuna mwamba umechorwa maandishi ya runi, zile herufi za kale za huko, ya karne ya 11. Unaanza kwa kumwambia msomaji asome na kufasiri, alafu unasimulia. Geirmund alimuoa Gerlög akiwa bado msichana. Wakapata mtoto wa kiume, Geirmund akazama majini akafa, na yule mtoto naye baadae akafa. Gerlög akaolewa na Gudrik, wakazaa watoto lakini aliyeishi ni mmoja tu, binti anaitwa Inga. Inga akaolewa na Ragnfast wa Snottsta. Ragnfast akafa, mtoto wao wa kiume akafuata, na mama akamrithi mtoto wake. Inga akaolewa tena, na Erik, kisha Inga mwenyewe akafa. Hapo Gerlög akaja kumrithi Inga, binti yake. Mwisho jina la mchoraji, Torbjörn.

Mwamba huu ni hati ya urithi. Mali inapanda badala ya kushuka, kutoka kwa mtoto kwenda kwa mama, alafu kutoka kwa mama huyo kwenda kwa bibi mzaa mama, na mwanamke mzee aliyezika waume wawili na watoto wake ameandikisha kwenye jiwe kila kiungo cha mnyororo ili asitokee mtu wa kumpinga. Mama, mtoto, binti: maneno hayo yanabeba kesi nzima. Ukilisoma hilo unaelewa kwanini lugha iliyokuwa inatumika namna hii ilishikilia mormor na farmor mbalimbali.

Maneno yenyewe yametoka wapi

Yale sita ya msingi ni ya kale kuliko Waviking, kuliko runi, kuliko Skandinavia yenyewe kuwa na jina. Kama umekua ukiangalia picha za Kihindi tayari unayajua nusu yake: pita ni baba, mata ni mama, bhai ni kaka. Weka karibu yake Kilatini, pater, mater, frater. Weka Kiaisilandi, faðir, móðir, bróðir. Hayo ni matawi ya mti mmoja, lugha iliyoongewa miaka elfu kadhaa iliyopita ambayo wataalamu wanaiita Kihindi-Kiulaya.

Aliyeona mapema kwamba tofauti kati ya pater na faðir sio ya bahati alikuwa Mdenmaki, Rasmus Rask, kwenye kitabu chake cha mwaka 1818 kuhusu asili ya Kinorse cha kale. Aliona kwamba penye p ya Kilatini na Kigiriki, Kijerumani, Kinorse na ndugu zao wana f, na inajirudia neno baada ya neno. Mjerumani Jacob Grimm akaipanga kama kanuni kamili mwaka 1822 na jina likabaki kwake.

Kanuni ikawa na kidonda kimoja, na kilikuwa kwenye maneno ya familia. Kwenye ile Kihindi-Kiulaya ya zamani baba na kaka wote walikuwa na t katikati. Kanuni inataka hiyo t iwe th kote. Lakini kwenye Kigothi, ndugu wa kale wa Kijerumani na Kinorse, chenye maandishi marefu ya zamani kuliko ndugu zake wote, kaka anayo th na baba ana d. Hata leo kwenye Kijerumani utaona Bruder kwa d na Vater kwa t. Kwanini maneno mawili yenye umbo moja yaachane? Mdenmaki mwingine, Karl Verner, mzaliwa wa Aarhus, ndiye aliyepata jibu akalichapisha mwaka 1877. Aliangalia Kisanskriti, lugha ya kale ya India, akaona mkazo: pitár mkazo uko nyuma, bhrā́tar mkazo uko mbele. Pale mkazo ulipotangulia ile konsonanti, th ilibaki. Pale mkazo ulipokuja baada yake, sauti ikalegea ikawa d. Yani mkazo uliokuwa umeshapotea miaka na miaka umeacha alama yake kwenye konsonanti ya neno baba. Mimi kila nikilifikiria hili nashangaa upya. Kwenye lugha za Skandinavia zenyewe tofauti hiyo imefutika, faðir na bróðir zimekuja kufanana, lakini waliofumbua fumbo ni watu wa hukohuko.

Sarufi ya nyumbani

Hapa ndipo wanafunzi wanapoteseka. Maneno ya familia hayafuati wingi wa kawaida, irabu ya ndani inabadilika. Kiswidi far inakuwa fäder, mor inakuwa mödrar, bror inakuwa bröder, dotter döttrar, son söner. Sababu ni kwamba zamani wingi ulikuwa na kiishio chenye i, na hiyo i iliivuta irabu iliyotangulia ije mbele mdomoni, alafu yenyewe ikaanguka. Ulimi ulishazoea kutamka irabu mpya, kwa hiyo i imeondoka kazi yake imebaki. Syster haibadiliki, ni systrar tu, kwasababu y tayari inatamkwa mbele, hakuna cha kuvuta.

Jambo la pili: far, mor na bror ni vifupi. Vizima ni fader, moder, broder, ile d katikati imeliwa kwenye mazungumzo. Lakini Mswidi akitaka kusema "yule baba", kwa kiishio kile kinachoonyesha mtu anayejulikana, d inarudi: fadern, modern, brodern. Umoja wa kawaida mfupi, ukiongeza kiishio neno la kale linaibuka. Ukikariri far peke yake utashangaa hiyo d imetoka wapi.

La tatu ni vimilikishi. Kinorwei cha kila siku kinaweka kimilikishi nyuma ya nomino kama sisi, na nomino inabeba kile kiishio cha kujulikana: boka mi, kitabu changu, ambapo bok imeongezewa a. Lakini kwa watu wa nyumbani kiishio kinadondoshwa: far min, mor mi, bror min, søster mi. Hutakiwi kuonyesha kwamba huyu baba anajulikana, ni babako, atakuwa nani mwingine.

Simama hapo kidogo uangalie Kiswahili. Tunasema mwalimu wangu, mgeni wangu, lakini baba yangu, mama yangu, dada zangu. Mtu mwenye m- mbele anachukua w-, lakini baba, mama, kaka, dada na ndugu wanachukua y- na z-. Alafu tunawafupisha: babangu, mamake, nduguye, mkewe, mumewe. Huwezi kumfanyia mgeni hivyo. Lugha mbili zisizo na undugu wowote, zote zimewatengenezea ndugu chumba chao kwenye sarufi, na sababu nadhani ni hiyohiyo, ni watu unaowataja kutwa nzima na karibu kila mara wana mwenyewe, hakuna baba asiye wa mtu.

Na ile sala, Waswidi kwa miaka mingi walisema Fader vår, kimilikishi nyuma kama Baba yetu, wakati Kiswidi cha kawaida kinakiweka mbele, vår far. Wadenmaki wamelifanya neno moja kabisa, Fadervor, ndio jina la sala.

Kitu kimoja wao wanacho sisi hatuna. Nikisema "Juma anampenda mamake", ni mama wa Juma au wa mtu mwingine tuliyekuwa tunamuongelea? Kiswahili kinakuachia. Kiswidi hakikuachii, sin mor ni mama wa Juma mwenyewe, hans mor ni mama wa jamaa mwingine, na ukikosea umebadilisha mama. Hiki kineno ni cha zamani sana. Lile jiwe maarufu la Jelling kule Denmaki, la kama mwaka 965, ambalo mfalme Harald alilisimamisha (huyo Harald ndio Bluetooth ya simu yako imechukua jina lake), linasema aliliweka kwa kumbukumbu ya Gorm baba yake na Thyra mama yake, fǫður sinn na móður sína. Zaidi ya miaka elfu moja imepita na mtoto wa Stockholm bado anatumia neno hilohilo kwa kazi hiyohiyo. Wadenmaki wamelibana kidogo, kwa mtu mmoja wanasema sin lakini kwa wengi wanasema deres, Waswidi na Wanorwei wanatumia sin kote.

Aisilandi

Aisilandi inastahili sehemu yake. Kwanza kule neno baba lina maumbo: faðir ndio anafanya kitendo, ukimuona au ukimpa kitu ni föður, wakiwa wengi feður, ukiwapa feðrum, vitu vyao feðra. Hata bibi, amma, ukisema nilimuona anakuwa ömmu.

Pili wana maneno ambayo sijui lugha nyingine ya Ulaya inayoyatumia kila siku namna ile. Feðgar ni baba na mtoto wake wa kiume wakiwa pamoja, neno moja. Mæðgur ni mama na binti yake. Feðgin ni baba na binti. Mæðgin ni mama na mtoto wa kiume. Sisi tunasema "baba na mwanawe", wao wanaita uhusiano wenyewe. Na hapo sarufi inafanya jambo zuri: feðgar ni jinsia ya kiume maana wote wanaume, mæðgur ni ya kike maana wote wanawake, lakini feðgin na mæðgin ziko kwenye jinsia ya tatu, ile isiyo ya kiume wala ya kike, kwasababu kundi lina wote wawili. Ni hivyo hivyo kwa systkini, ndugu wa kuzaliwa wa kiume na wa kike pamoja, na hjón, mke na mume. Lugha nyingi za Ulaya akiingia mwanaume mmoja kundi lote linageuka la kiume. Kiaisilandi kinakataa. Na kwasababu maneno haya yako kwenye wingi tu, ukitaka kuhesabu wanandoa jozi mbili husemi mbili ya kawaida, una namba maalumu, tvenn hjón.

Majina nayo ni sarufi ya familia inayotembea. Mtu anachukua jina la baba kwenye umbo la umilikishi, anaongeza son au dóttir. Vigdís Finnbogadóttir, aliyekuwa rais kuanzia 1980 mpaka 1996, ni Vigdís binti wa Finnbogi, na ona Finnbogi imegeuka Finnboga kwa sababu ya umilikishi. Watu wa pwani hilo halihitaji maelezo, Siti binti Saad ni jina la muundo uleule. Kaka na dada wa tumbo moja wana jina la mwisho tofauti, na mke habadilishi, maana kuolewa hakumfanyi awe binti wa mtu mwingine. Wengine wanachukua la mama, kama mchezaji mpira Heiðar Helguson, mtoto wa Helga. Uswidi, Norwei na Denmaki walikuwa na utaratibu huohuo, sheria zikaugandisha, Denmaki wakaanza 1828, Uswidi 1901, Norwei 1923, ndio maana leo Stockholm unakuta mwanamke anaitwa Andersson wakati baba yake sio Anders na yeye sio mtoto wa kiume. Aisilandi sheria yao ya 1925 ilienda njia ya kinyume, ikazuia watu kujianzishia majina ya ukoo.

Na ndugu kwa ujumla, binamu, mjomba, mpwa, yoyote wa damu, ni frændi akiwa mwanaume na frænka akiwa mwanamke. Frændi kiasili ni "anayependa". Kwa Waingereza neno hilohilo limetoka nje ya nyumba likawa rafiki, Aisilandi limebaki ndani.

Yaliyoazimwa

Sasa angalia ramani nzima. Baba, mama, kaka, dada, mtoto hayajaguswa toka enzi za kale. Ukitoka hatua moja nje, mambo yanabadilika. Svåger, shemeji, limetoka kwa Wajerumani wa kaskazini, enzi za wafanyabiashara wa Hansa, ule muungano wa miji ya biashara, walipojaa kwenye miji ya Skandinavia. Fætter ya Kidenmaki, binamu wa kiume, nayo ni ya kwao. Baadae zikaja za Kifaransa, onkel, tante, kusine, nevø, niece, zikakaa mijini kwa watu wenye nafasi kisha zikashuka kwa wote. Denmaki na Norwei zimekula sana, leo kwa Wanorwei wengi mjomba na baba mdogo wote ni onkel, ule upande waliokuwa nao wamepoteza. Uswidi imegoma, farbror na morbror ziko hai kabisa, ilichokubali ni kusin, na tant ikawa neno la mtoto kumuita mama yoyote wa mtaani kwa heshima.

Hili nalo tunalijua kwetu. Mjomba na shangazi ni za Kibantu, binamu ni Kiarabu, mtoto wa ami. Na ukichimba kusin mpaka Kilatini unafika consobrinus, ambaye mwanzoni alikuwa mtoto wa mama mdogo au mama mkubwa. Waarabu walianzia kwa baba, Warumi kwa mama, na sisi na Waswidi wote tumelichukua neno la kigeni tukalitandaza kwa mabinamu wote bila kujali upande.

Kwa mashemeji Kiswidi ni maskini. Svåger kwa mwanaume, svägerska kwa mwanamke, basi. Wifi yako, dada wa mume, na mke wa kaka yako, na dada wa mke wa mtu, wote svägerska, hakuna namna ya kuonyesha ule uhusiano wa wifi na wifi.

Utajiri wao mpya uko kwenye maisha ya sasa. Sambo ni mtu unayeishi naye kama mke na mume bila ndoa, sam ni pamoja, bo ni kukaa, na ni neno la kisheria, kuna sheria yake ya 2003. Särbo ni mpenzi ambaye kila mtu anakaa kwake. Mama wa kambo ni styvmor lakini siku hizi wengi wanapenda bonusmamma, mama wa nyongeza, linamuondolea yule mama ubaya wa kwenye hadithi.

Kama unajaza fomu za kuleta familia, au unamtafsiria mzee mbele ya afisa, hapa kuwa makini kweli. Baba mdogo na baba mkubwa andika farbror, usiandike pappa hata kama ndiye aliyekulea na unamuita baba, maana kwao baba ni mmoja na karatasi zikigongana utaonekana umedanganya. Mama mkubwa na mama mdogo wote moster. Ukitaka kuonyesha nani mkubwa itabidi ueleze kwa sentensi, Kiswidi hakihesabu umri wa dada za mama.

Kisami kinahesabu. Panda kaskazini kabisa mwa Norwei, Karasjok, Kautokeino, huko kwa Wasami, Kisami cha kaskazini kina maneno sita. Goaski ni dada mkubwa wa mama. Muoŧŧá ni dada mdogo wa mama. Siessá ni dada wa baba. Eahki ni kaka mkubwa wa baba. Čeahci ni mdogo wake baba. Eanu ni kaka wa mama. Soma tena taratibu: mama mkubwa, mama mdogo, shangazi, baba mkubwa, baba mdogo, mjomba. Hata pale ambapo Kiswahili hakijali umri, kwa shangazi na mjomba, Kisami nacho hakijali. Kinalingana na chetu mtu kwa mtu, na hakuna lugha hata moja ya Skandinavia iliyo karibu hivyo.

Serikali ya Norwei ilitumia karibu miaka mia moja kuwalazimisha Wasami waache lugha yao, watoto wakakatazwa kuiongea shuleni, na kwenye nyumba nyingi goaski na muoŧŧá wote wakawa tante. Bunge lao lilifunguliwa Karasjok mwaka 1989, na lugha inafundishwa tena. Mtoto anayejifunza Kisami leo anatakiwa kujua mama yake na huyo dada yake nani alitangulia kuzaliwa, vinginevyo hawezi hata kumsalimia.